Kodi kwa Kiswahili, hesabu kwa Kifaransa

Karatasi ile ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi moja upande wa Tunda, ndani ya teritwari ya Kibombo. Kurasa tatu zilishikwa kwa misumari midogo, na jua lilikuwa limeshazigeuza rangi ya chai. Nilikuwa nimekwenda kuwaona ndugu za mama wakati wa likizo. Mjomba aliponiona nimesimama naisoma, akawaita watu wachache waliokuwa wakipumzika chini ya mwembe, akasema kwa sauti ya kujivuna: «Mwipwa wangu huyu anasomaka lugha kule Kindu. Leo tutajua hii karatasi inasemaka nini.»

Ilikuwa bajeti ya mwaka ya sekta yao. Mstari wa kwanza ulikuwa na maneno «recettes propres». Nikasema haraka, bila kufikiri: mapato safi. Mama mmoja aliyekuwa na beseni la mihogo kichwani akaangua kicheko: «Kumbe mengine iko machafu!» Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, ila nilijua nimekosea. «Propre» pale haina habari ya usafi. Inataja mali ya mwenyewe, yaani fedha ambazo sekta inazikusanya kwa mkono wake, sokoni na barabarani. Nikaendelea. Chini kidogo palikuwa na «crédits». Nikasema «krediti», na mzee mmoja akauliza kwa wasiwasi: «Sekteri inakopaka kwa nani?» Hakuna aliyekopa kitu. Katika bajeti neno hilo ni ruhusa ya kutumia fedha hadi kiasi fulani, wala halina deni ndani yake. Halafu likaja neno «exercice», ambalo tangu shule ya msingi mimi nalijua kuwa ni zoezi, kumbe hapo ni mwaka wa hesabu, unaoanza tarehe 1 Januari na kufungwa tarehe 31 Desemba. Tulipofika ukurasa wa pili, watu walikuwa wamesharudi chini ya mwembe wao.

Mjomba hakunilaumu. Njiani kurudi nyumbani aliniuliza swali moja tu: «Sasa ile franka ya soko tunalipaka kila wiki, iko ku mustari gani?» Sikuweza kumjibu, na nilikuwa nimemaliza miaka mitatu katika kitivo cha lugha.

Ninaandika hapa kwa sababu ya swali hilo. Nadhani linatuhusu sisi wa kitivo zaidi kuliko linavyowahusu wenzetu wa uchumi. Wao wakiitazama karatasi ile wangeelewa kila mstari, na wangeondoka. Sisi ndio tunaodai kwamba kazi yetu ni kuvusha maana kutoka lugha hadi lugha, na mimi nilishindwa kuvusha mistari kumi mbele ya mjomba wangu.

Tazameni lakini upande wa pili. Mtu akisukuma kinga yenye madumu ya mawese kwenda sokoni, akifika kwenye kizuizi anaambiwa: lipa. Anaulizwa: kitansi yako iko wapi? Akijitetea kwamba alilipa jana, anajibiwa kwamba ya jana ni ya jana. Mazungumzo hayo yote ni ya Kiswahili, fasaha kabisa, na sijawahi kuona mtu wa Maniema akishindwa kuyaelewa. Mtoza kodi hahitaji mkalimani, wala hahitaji mtu wa chuo kikuu. Serikali inapotaka fedha, inasema lugha yetu vizuri. Inapofika zamu ya kueleza fedha zimekwenda wapi, inarudi kwenye Kifaransa, tena kile cha wahasibu, ambacho hata mwenye diploma ya serikali hukisoma huku akikuna kichwa.

Jambo hilo lina mizizi mirefu. Kiswahili kilifika kwetu pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka upande wa Zanzibar, na katika karne ya 19 Nyangwe na Kasongo ilikuwa miji yao. Waliotuletea mchele na lugha ndio hao hao waliotuletea minyororo. Baadaye utawala wa Wabelgiji ukaikuta lugha iko tayari, ukaitumia kwa kazi uliyoihitaji: beba, leta, lima, lipa. Daftari lenyewe la hesabu liliandikwa Kifaransa likawekwa kabatini. Naona kama tumerithi mgawanyo huo bila kuuliza. Kitenzi cha amri kikawa chetu, na jedwali la matumizi likawa lao, hata sasa ambapo «wao» ni watoto wa vijiji vyetu wenyewe.

Sheria haituungi mkono katika kukaa kimya. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi na inazitaja lugha nne za kitaifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, ambazo serikali inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Lakini kifungu ninachowaomba wasomaji wa jarida hili wakakifungue wenyewe ni cha 142. Kinasema kwamba serikali ihakikishe sheria zinatangazwa kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za kitaifa, ndani ya siku 60 baada ya kutiwa saini. Sheria ya fedha ya kila mwaka, yaani bajeti ya taifa, nayo ni sheria kama nyingine. Ni nani kati yetu amewahi kuishika mkononi kwa Kiswahili? Mwalimu mmoja aliniambia kwamba kifungu hicho hakitaji maamuzi ya bajeti ya sekta wala ya komini. Ni kweli, hakiyataji. Lakini sioni kwa nini mkazi awe na haki ya kuelewa bajeti ya Kinshasa, ambayo hataiona maishani mwake, na asiwe na haki ya kuelewa ile inayotokana na mfuko wake wa Jumamosi.

Niseme kidogo jinsi fedha zinavyotakiwa kutembea, maana hapo kuna neno linalostahili semina nzima. Kifungu cha 175 cha Katiba kinaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya kitaifa. Sheria nambari 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008, inayohusu miji, komini, sekta na usultani, inaongeza kwamba asilimia 40 ya fungu hilo la mkoa ni ya ngazi hizo za chini. Kwa hesabu ya mkononi: katika kila franka 100, 40 ni za mkoa, na katika hizo 40, franka 16 zinapaswa kuufikia mji, komini, sekta na usultani. Teritwari haimo katika orodha hiyo, kwa sababu yenyewe ni ofisi ya serikali kuu mashambani na haina bajeti ya kujitawala. Hata jambo hili dogo watu wengi hawalijui. Wanakwenda kumlalamikia mkuu wa teritwari kwa ajili ya kalvati ambayo ni ya sekta, na wanarudi wakiwa wamekasirika bure.

Sasa lile neno. Katiba inasema fedha hizo za mkoa zinakuwa «retenue à la source». Maana yake mkoa unabakiza fungu lake palepale fedha zinapokusanywa, kabla hazijasafiri. Katika maofisi, katika redio na katika malalamiko ya magavana neno linalosikika ni jingine: «rétrocession». Maana yake fedha zilikwenda Kinshasa kwanza, kisha zikarudishwa, au zitarudishwa, au zinangojwa. Kati ya kubakiza na kurudishiwa kuna safari ya mamia ya kilomita na subira ya miezi. Anayebakiza hamwombi mtu. Anayerudishiwa anangoja huruma. Neno la pili limelimeza la kwanza polepole, na watu wengi waliosoma wanalitumia bila kushtuka kwamba Katiba haikusema hivyo. Ningefurahi kuona mtu wa isimu akiandika tasnifu juu ya maneno hayo mawili tu. Kwa Kiswahili tungeweza kusema fungu la mkoa «linabakizwa chanzoni», na mjomba angeuliza mara moja: sasa mbona mnasema linarudi?

Katika sheria, sekta inatakiwa kuwa na baraza lililochaguliwa na wananchi, linalojadili bajeti na kumuuliza mkuu maswali. Mabaraza hayo ya sekta hayajachaguliwa tangu sheria itoke. Mwezi Desemba 2023 wakazi wa baadhi ya komini walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua madiwani wao, lakini sekta na usultani zilibaki vilevile. Kwa hiyo huko Tunda hakuna diwani wa kuisoma karatasi ile kwa niaba ya watu. Msomaji pekee aliyebaki ni mkazi mwenyewe, naye amebandikiwa lugha asiyoisoma. Sisemi kwamba aliyeibandika alikusudia kuificha. Huenda ndiye mtu mwema kuliko wote katika habari hii, maana ofisi ngapi hazibandiki chochote? Alitimiza wajibu wake kwa lugha aliyofundishwa kutimizia wajibu.

Je, habari zikieleweka zinabadilisha kitu? Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Uganda. Watafiti wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walichunguza ruzuku ambayo serikali ilikuwa ikituma kwa shule za msingi kati ya 1991 na 1995. Walikuta kwamba, kwa wastani, asilimia 13 tu ya fedha hizo ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha kila mwezi magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, pamoja na katika matoleo ya lugha za wenyeji, na shule zikatakiwa kubandika matangazo ya fedha zilizopokea. Uchunguzi wa mwaka 2001 ulikuta zaidi ya asilimia 80 inafika. Baadaye wataalamu wengine walibisha, wakisema kuna mageuzi mengine ya wakati ule yaliyosaidia, na si magazeti peke yake. Naukubali ubishi huo. Hata hivyo mzazi anayejua ni kiasi gani kilitumwa ana swali la kumuuliza mwalimu mkuu, na asiyejua hana.

Karibu nasi zaidi, Kivu Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kulikuwa na mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia uliotumia ujumbe mfupi wa simu kuwaita wakazi kwenye mikutano ya bajeti na kuwajulisha kilichoamuliwa. Luhwindja na Ibanda zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoshiriki. Wengi hapa Kindu wanafikiri bajeti shirikishi ni kitu cha Brazili. Kumbe ilipita kwa jirani.

Tanzania wana kitu ambacho mimi nakionea wivu kuliko simu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na humo mapato na matumizi yanasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, na mtu yeyote mzima wa kijiji anaweza kusimama akauliza. Sisemi kila kijiji kinafanya hivyo. Nimeongea na Watanzania wanaolalamika kwamba kwao mkutano huitishwa uchaguzi ukikaribia. Lakini msamiati upo, na umezoeleka hadi mkulima anautumia bila kujua kwamba ni istilahi: mapato ya ndani, ruzuku, matumizi ya kawaida, matumizi ya maendeleo, bakaa. «Mapato ya ndani» ndiyo hasa «recettes propres» niliyoiharibu ukutani. Neno lilikuwepo miaka yote hiyo, limepumzika katika vitabu vya upande wa pili wa ziwa.

Kenya ni funzo la namna nyingine. Katiba yao ya 2010, kifungu cha 201, inataka wananchi washiriki katika mambo ya fedha za umma, na kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kaunti zao 47 zinaitisha vikao vya maoni kabla ya bajeti kupitishwa. Wakazi wanakaa, wanaongea Kiswahili, wanapewa maji ya chupa. Mara nyingi hati yenyewe wanayoitolea maoni imeandikwa Kiingereza, mamia ya kurasa, na imewafikia jana. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kukitaja Kiswahili katika Katiba kunatosha, au kwamba kuwaita watu kikaoni ndiko kuwapa habari.

Narudi kwetu, kwenye kazi ya maneno. Hapa najua nitakosana na baadhi ya walimu wangu, na naomba radhi mapema. Kuna wanaotaka tuchukue istilahi za Dar es Salaam zote kama zilivyo, kwa sababu ni sanifu. Nimejaribu. Nilimwambia mjomba «bakaa», akafikiri namtaja mtu. Nilipomwambia «ile ilibakia ku mwaka ulipita», akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Nilimwambia «kasma», nikajuta. Kwa upande mwingine «mapato ya ndani» aliyaelewa mara moja, na «mgao» pia, kwa kuwa watu wanagawana nyama kila wanaporudi porini. «Bajeti» wengine wanaita «bije», na sioni ubaya. Kipimo changu ni kimoja: je, mama mwenye beseni ataweza kuuliza swali la pili baada ya kulisikia neno? Kama neno linamnyamazisha, hata likiwa sanifu kama dhahabu, halifai kubandikwa ukutani. Liende kwenye kamusi, likae huko na heshima yake.

Kuna pingamizi jingine zito zaidi, na lilinitoka kwa rafiki yangu wa karibu tunayekaa naye chumba kimoja. Alisema: Kiswahili nacho si lugha ya mama ya watu wengi wa Kibombo. Nyumbani kuna Kikusu, na ukisogea upande wa Sankuru kuna Kitetela. Utatafsiri kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa bwana mwingine. Sina jibu la kumfunga mdomo. Najua tu kwamba Kiswahili ndicho kinachotumika sokoni na kwenye kizuizi, na kwamba mkutano ukifanywa kwa Kiswahili, wazee wenyewe hukigeuza papo hapo kwa ajili ya bibi zao. Kifaransa cha bajeti hakigeuzwi na mtu, kwa sababu hakuna anayejua aanzie wapi. Wazee wa upande ule bado wanaizungumzia lokombe, ngoma iliyopeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji usiku. Habari ilibebwa na kitu ambacho kila mwenye masikio alikielewa.

Halafu kuna wale wanaosema: bajeti zenyewe ni ndoto tu, makadirio ya fedha ambazo hazitafika kutoka mkoani wala Kinshasa, kwa hiyo ukizitafsiri utakuwa umesambaza ndoto kwa lugha mbili. Hili nililifikiria siku nyingi. Ni kweli kwamba safu ya makadirio peke yake ni hadithi ya mambo yajayo. Lakini hadithi hiyo inasimuliwa kila mwaka, na mwaka ukiisha kunatakiwa kuwe na safu ya pili: kilichoingia na kilichotoka kweli. Mtu aliyeielewa safu ya kwanza ataiulizia ya pili. Mtu asiyeelewa ataendelea kulipa na kunung'unika, na manung'uniko hayana mstari wa kuyaandika. Tena, ahadi isiyojulikana haimbani mtu yeyote. Mwaka 2019 ilipotangazwa kwamba shule ya msingi ni bure, watu wa vijiji vya mbali kabisa walijua ndani ya siku chache, kwa sababu jambo zima liliingia katika neno moja ambalo kila mtu alikuwa nalo tayari mdomoni. Wazazi wakaanza kuuliza kwa nini bado wanatozwa hiki na kile. Sisemi matatizo yaliisha. Nasema maswali yalianza, na yalianza kwa neno «bure».

Kwa hiyo naomba kitu ambacho kitivo kinaweza kukifanya bila kungoja bajeti ya mtu yeyote. Kila mwaka wanafunzi wa mwisho wanaandika kazi zao, na nyingi (yangu imo) ni juu ya mofolojia ya vitenzi ambayo watu wenye akili kuliko sisi walishaieleza. Wachache wetu, hata watatu, wachukue bajeti ya komini moja ya Kindu, iwe Kasuku, Mikelenge au Alunguli, na ya sekta moja ya mashambani, waitafsiri yote kwa Kiswahili kinachosomeka. Wakae na mhasibu awaeleze maana ya kila mstari kabla ya kutafuta neno. Kisha waende wakaisome kwa sauti sokoni au baada ya ibada, na waandike ni mstari gani watu waliuelewa na upi waliucheka. Kicheko cha yule mama kilinifundisha juu ya kivumishi «propre» kuliko muhula mzima. Orodha ya maneno itakayotoka hapo tuipeleke kwenye redio. Radio Okapi inatangaza kwa Kifaransa na lugha zote nne za kitaifa, na redio ndogo za mkoa zinaishi kwa Kiswahili. Watangazaji wake wanatafsiri istilahi hizi kila siku wakiwa na dakika mbili mbele ya maikrofoni, na kila mmoja anabuni lake. Tuipeleke pia kwa makarani wenyewe. Nashuku kwamba wengine wao wangebandika Kiswahili kwa furaha kama kungekuwa na mtu wa kuwaandalia, kwani karani naye anachoka kuulizwa.

Najua mtihani wa kazi ya mwisho una majaji, na majaji wanataka nadharia. Nadharia ya tafsiri ipo ya kutosha hapo. Chukueni neno «liquidation» tu, ambalo kwa mfanyabiashara ni kuuza vitu vya duka linalofungwa, na kwa mhasibu wa serikali ni kuhakikisha kiasi hasa kinachodaiwa kabla ya kulipa. Mtu akilitafsiri kwa maana ya kwanza, kijiji kizima kitaamini kwamba sekta inauzwa. Kama hiyo si mada ya kutetea mbele ya majaji, sijui mada ni nini.

Niliporudi Kindu nilianza na zile kurasa tatu. Nilikuwa nimezipiga picha kwa simu. Mwanafunzi mmoja wa uchumi alikubali kukaa nami jioni mbili kwa malipo ya sambaza na ugali. Mstari wa kwanza sasa unasema: «Fedha ambazo sekta yetu inakusanya yenyewe.» Kodi ya soko nimeipata, imo katika ukurasa wa pili, imejumlishwa pamoja na malipo mengine matatu chini ya kichwa kimoja, ndiyo maana sikuiona siku ile. Nilirekodi sauti yangu nikisoma ukurasa huo, nikamtumia mjomba kupitia kijana mmoja aliyekuwa akipanda Tunda na simu nzuri.

Jibu lilikuja baada ya majuma mawili, kwa sauti pia, na nyuma yake nilisikia watu wengi wakiongea kwa pamoja. Mjomba alishukuru, akasema sasa wameelewa, na kwamba mama wa mihogo anasalimu. Kisha akauliza: «Hii iko ile walisema wataingiza. Njo walishaingiza ngapi?» Hiyo haimo katika kurasa tatu. Nitapanda tena likizo ijayo, niende kuiuliza ofisini, na safari hii mjomba anasema hatakaa chini ya mwembe.